Nalowa jasho kila usiku, wanasema ni mume wa usiku. Nibandike dawa aliyonitumia yaya, dada yangu mkubwa?

Jambo Mama Mshauri,

Ninaishi hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Niko na miaka 51, watoto watano na wajukuu wawili, na ninafundisha darasa la tano shule ya msingi. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umenikataa, na kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema mbele ya mtu anayenijua.

Yalianza kama miaka mitatu iliyopita. Niko ubaoni naandika hesabu, ghafla moto unanipanda kutoka kifuani, shingoni, mpaka usoni. Moyo unaenda mbio. Jasho linashuka hadi kwenye vidole, chaki inaloana na kukatika mkononi. Watoto wananyamaza wananitazama. Mmoja aliwahi kuuliza: "Madame, unalia?" Mwezi wa kumi naweza kusingizia bati na jua. Lakini mwezi wa saba, Lubumbashi ikiwa baridi na watu wanatoka asubuhi na makoti, mimi ndiye natupa blanketi chini saa nane za usiku, kikwembe nilichojifunga kimeloa chote. Muda kidogo nageuka natetemeka, natafuta lile blanketi gizani.

Nilitibiwa malaria. Nikatibiwa tifoide. Nikatibiwa malaria tena. Dawa zinaisha, jasho linabaki. Mara ya mwisho muuguzi alicheka, akasema: "Mama, ni uzee, itapita."

Kanisani mama mmoja wa kikundi cha maombi alinisikiliza, akaniambia kulowa hivyo usiku, kuamka kwa hofu na kukosa hamu ya mume ni kazi ya mume wa usiku, yaani pepo anayemwingilia mwanamke usingizini. Nikaitwa mbele, nikawekewa mikono, kanisa zima likisikia. Mimi nampenda Mungu na kanisa langu sitaki kuliacha. Lakini tangu Jumapili ile wamama wenzangu wa kwaya wananitazama kwa jicho lingine. Sasa wananiambia nifunge siku saba bila kula wala kunywa mchana kutwa. Na mimi nakunywa vidonge vya tansyo, yaani presha ya damu, ingawa siku nyingine narukaruka, pesa ikipungua.

Bwana yangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Mama, sikumkataa kwa sababu simpendi. Naumia. Nakauka, nasikia kuchomwa, na siku inayofuata bado naumia nikikojoa. Hilo sikumwambia. Nasema kichwa, nasema uchovu, nasema wajukuu hawajalala. Aliporudi mara ya mwisho alichukua mto wake akaenda kulala kwenye saluni, pale sebuleni. Akaniambia: "Kama umenichoka, useme." Sikujibu. Wifi yangu naye anasema mwanamke aliyeacha kuona damu anapaswa kuachana na mambo ya kitanda, eti mbegu za mwanaume zinabaki tumboni na kulivimbisha, na kwamba mwanaume wa Kolwezi halali peke yake. Ushahidi wa hilo sina.

Yaya wangu yuko Brussels miaka mingi. Yeye alitolewa kizazi kwa sababu ya fibrome, uvimbe wa kwenye kizazi, na daktari wake wa huko akamwandikia vibandiko vya homoni vya kuweka kwenye ngozi. Anasema vimemrudishia maisha. Akanitumia pakiti tatu kwa mkono wa msafiri. Juu pameandikwa estradiol, basi. Nimezificha ndani ya valizi. Binti yangu anayesoma uuguzi alipoziona alishtuka. Alisema walifundishwa kwamba Wamarekani walifanya utafiti mkubwa juu ya dawa hizi, wakausimamisha 2002 kwa sababu wanawake walipata kansere ya titi. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, alikufa kwa kansere hiyo hiyo. Kwa hiyo sijabandika hata kimoja.

Lakini pengine sihitaji tena. Nilikaa mwaka mmoja na miezi miwili bila kuona damu, na mwezi uliopita ikarudi siku tatu, kidogo tu. Nilifurahi, nikajiambia mwili umeamka, mzee akirudi mambo yatakuwa mazuri.

Vibandiko nivitumie au nivitupe? Bwana yangu nimwambie nini, na nianzie wapi? Na watu wa maombi niwajibu vipi?

Mwalimu wa Katuba

*

Jambo dada yangu mwalimu,

Asante kwa kuandika. Umebeba mambo mazito kwa miaka mitatu: joto darasani, usiku bila usingizi, aibu ya kanisani, mume aliyehamia saluni, na dawa usiyojua kama ni msaada au hatari. Nitayajibu yote kadiri ninavyoweza. Ila jambo ninalotaka tulianze hukuliuliza. Umelipitia haraka mwishoni, tena kwa furaha: ile damu iliyorudi.

Nisamehe kama nakuondolea furaha hiyo. Mwanamke akipitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi, wataalamu wanahesabu kwamba hedhi yake imekoma, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Damu inayotoka baada ya hapo, hata tone moja kwenye nguo ya ndani, haihesabiwi tena kuwa hedhi mpaka mtu aangalie imetoka wapi. Mara nyingi chanzo hakitishi: ngozi ya ukeni iliyokonda kwa kupungukiwa homoni, au kinyama kidogo kilichoota ndani ya kizazi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa na kuchapishwa 2018 zilionyesha kuwa katika wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, wapatao 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Ukihesabu hivyo, wengi mno hawana. Lakini uchambuzi huo huo ulionyesha kuwa wanawake 9 kati ya 10 wenye saratani hiyo walitokwa damu ya namna hii. Mwili huwa unatoa taarifa mapema, wakati tiba bado ni nyepesi, na ndiyo maana ningependa uende wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi mzee arudi.

Ukifika, taja hivi hivi: "Nilikaa miezi 14 bila hedhi, kisha nikatokwa damu siku tatu." Usiseme tu kwamba hedhi yako haiko sawa, kwa maana unaweza kupewa vidonge vya kuipanga ukarudi nyumbani bila kupimwa. Waombe wautazame mlango wa kizazi kwa macho, kwa sababu saratani ya mlango huo ni kati ya zile zinazoua wanawake wengi katika nchi yetu. Omba na ekografi ya kizazi, ile picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound), ya kupitia ukeni wakiwa nayo, ili wapime unene wa ukuta wa ndani. Hapa nikuongezee kitu ambacho hata madaktari wengine hawajakisikia. Utafiti uliochapishwa Marekani 2024 kuhusu wanawake weusi ulionyesha kwamba unene huo peke yake hautoshi kumtuliza mtu: baadhi walikuwa na saratani ingawa ukuta wao ulionekana mwembamba. Kwa hiyo, damu ikirudi tena hata baada ya ekografi nzuri, una haki ya kuomba wachukue kipande kidogo cha ukuta huo wakakipime. Hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ni mahali pa kuulizia daktari wa wanawake, na binti yako anayesoma uuguzi anaweza kukusindikiza.

Sasa tuje kwenye jasho lako. Ulipotibiwa malaria, je, walikutoa damu wakaona vijidudu, au walikutazama tu? Nauliza kwa sababu wanawake wengi wa umri wetu wanameza dawa za malaria mwaka mzima kwa ajili ya joto lisilo la malaria. Na kile kipimo cha damu cha tifoide kinachotumika sana huku kwetu kinatafuta alama za kinga, na alama hizo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, hivyo mtu anaambiwa ana tifoide kila akirudi. Sisemi malaria haiwezi kukupata. Nasema homa ya kweli hupimwa kwa tamometa na malaria huonekana kwenye damu. Na kama unakonda, unakohoa, au uvimbe umekutokea shingoni, waambie wapime pia kifua kikuu, virusi vya ukimwi na tezi ya shingo, maana magonjwa hayo nayo huloweza shuka usiku. Lakini ulivyosimulia wewe, moto kuanzia kifuani kwenda usoni, moyo kwenda mbio, jasho, kisha baridi, hiyo ndiyo sura ya menopozi kabisa, yaani kukoma kwa hedhi.

Mama wa maombi alikuambia ni mume wa usiku. Sina sababu ya kudhani alikuwa na nia mbaya. Alikuona unateseka akakupa maelezo aliyokuwa nayo. Yako maelezo mengine, na yalitafutwa kwa uvumilivu mkubwa. Ndani ya ubongo, chini katikati, pana sehemu ndogo inayopima joto la mwili na kuamua lini tutoke jasho. Mtafiti Naomi Rance wa Chuo Kikuu cha Arizona alichunguza ubongo wa wanawake waliokwisha kufariki, na 1990 akaeleza kuwa kwa wale waliokoma hedhi, kikundi fulani cha seli za neva katika sehemu hiyo kilikuwa kimenenepa. Estrogeni, ile homoni ya kike, ikiwepo, seli hizo hutulizwa. Ikipungua, zinachachamaa na kuisukuma ile sehemu ya joto, nayo inaamini mwili unaungua hata kama nje ni baridi ya mwezi wa saba. Inafungua mishipa ya ngozi, inamwaga jasho, kisha unabaki unatetemeka. Kutoka kwenye kazi hiyo watu walitengeneza dawa isiyo na homoni, fezolinetant, iliyokubaliwa Marekani 2023, ambayo huziba mlango ambao seli hizo hupitishia ujumbe wake. Ni ya gharama kubwa na inataka ini lipimwe, kwa hiyo sikutajii ukaitafute. Nakutajia ili ujue kwamba kilichokuamsha saa nane kina mahali pake mwilini na kimeonekana kwa macho ya watu. Hukufanya kosa lolote la kukiita.

Na yule muuguzi aliyesema itapita? Itapita, ndiyo, lakini swali ni lini. Kuna utafiti unaoitwa SWAN ulioanza Marekani 1996, ukafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali kwa miaka mingi. Ulikuta kwamba kati ya wale waliopata joto hili mara kwa mara, nusu waliishi nalo kwa zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi muda huo wa katikati ulifika miaka 10. Ninaposoma namba hiyo nafikiria walimu, wauza unga, wamama wa kwaya wa mji huu walioambiwa wavumilie kidogo. Inaniuma pia kwamba tafiti kubwa karibu zote zimefanyika mbali na sisi, zikihesabu wanawake wanaolala, kula na kufanya kazi tofauti na mwanamke wa Katuba. Tunazitumia kwa sababu ndizo tulizo nazo, tukikumbuka zimehesabu nani.

Hilo linatuleta kwenye kile alichosoma binti yako. Hakukosea, msifu. Ila alifundishwa mwanzo wa habari, na habari hiyo imeendelea zaidi ya miaka 20. Utafiti wenyewe unaitwa Women's Health Initiative. Sehemu iliyosimamishwa Julai 2002 ilikuwa na wanawake 16,608 wenye kizazi, wa miaka 50 hadi 79, wastani wao miaka 63. Nusu walipewa kidonge chenye estrogeni zilizotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na projestini, homoni iliyotengenezwa kufanana na projesteroni, ile ile iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Nusu nyingine walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, 38 waliokunywa dawa walipata saratani ya titi, na 30 kati ya wasiokunywa. Tofauti ni wanawake 8. Kiharusi na damu kuganda pia viliongezeka, na kuvunjika nyonga kulipungua. Magazeti yalipotangaza, wanawake wengi waliacha dawa kwa hofu, na madaktari wengi wakaacha kuziandika.

Baadaye watafiti walirudi kwenye namba zile zile wakazitenganisha kwa umri. Walioanza dawa wakiwa wazee, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, ndio hasa walioongeza hatari ya moyo. Na walipowahesabu wanawake wote baada ya miaka 18, katika ripoti ya 2017, waliotumia homoni hawakuwa wamekufa zaidi ya wasiotumia. Ndiyo maana leo madaktari wa fani hii husema kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, anayeteseka sana na asiye na kizuizi, faida inaweza kuzidi hatari. Wewe kwa umri uko ndani ya kundi hilo. Lakini hatari ya titi kwa wanaotumia homoni mbili kwa miaka mingi haijafutwa, na habari ya mama mdogo ni lazima daktari aijue: alikuwa na umri gani alipougua, na kama kuna mwingine katika ukoo. Shangazi au mama mdogo mmoja hakufungii mlango peke yake, ila anabadilisha mazungumzo.

Na sasa zile pakiti. Dada, rudia maneno yako mwenyewe: yaya alitolewa kizazi, na juu pameandikwa estradiol tu, yaani estrogeni bila kingine. Dawa yake imetengenezwa kwa mwili wake. Estrogeni peke yake huufanya ukuta wa ndani wa kizazi unenepe. Asiye na kizazi hana ukuta huo. Wewe unao. Tangu 1975 imejulikana kwamba mwanamke mwenye kizazi akipewa estrogeni bila mwenzake, projesteroni au ndugu yake, hatari ya saratani ya kizazi inapanda sana. Yaya alikutumia kwa upendo, na huenda hakuna aliyemweleza kwa nini yeye alipewa moja tu. Kwa mtu ambaye tayari ametokwa damu isiyojulikana chanzo, kubandika kitu hicho sasa ni kuongeza jambo juu ya jambo lisilopimwa. Hujabandika hata kimoja, na hapo hofu ya binti yako imekulinda kweli.

Sisemi uvitupe. Daktari akishaona damu ilitoka wapi, na tansyo ikishashuka na kutulia, mnaweza kuvizungumzia kwa uwazi, pamoja na projesteroni ya kuambatana navyo. Kwa mwenye tansyo, homoni inayopita kwenye ngozi huchaguliwa mara nyingi kuliko kidonge, kwa sababu haipiti kwanza kwenye ini na haielekei kugandisha damu kama kidonge. Jiulize pia nani atakuuzia pakiti ya nne zikiisha, kwa bei gani, na nani atakupima kila mwaka. Hilo halipungui uzito kuliko namba za Wamarekani.

Kama utaamua kutotumia homoni, au daktari akikukatalia, hujafika mwisho wa njia. Zipo dawa za kawaida za huzuni au za neva ambazo kwa kipimo kidogo hupunguza joto hili, kama paroksetini na gabapentini, zikiandikwa na daktari anayejua vidonge vyako vya tansyo. Na liko jambo lisilo na dawa. Huko London, mwanasaikolojia Myra Hunter na wenzake waliwafundisha wanawake kushughulika na mawazo yanayokuja pamoja na joto, na utafiti wao ulionyesha kwamba usumbufu wake ulipungua kuliko mwanzo, ingawa jasho lenyewe halikukoma. Fikiria pale ubaoni. Joto linapanda, na juu yake linakuja wazo: watoto wananicheka, wananiona mgonjwa. Wazo hilo huongeza mapigo ya moyo. Yule mtoto hakucheka, aliuliza kama unalia, alikuhurumia. Ungeweza kuwaambia mara moja tu kwamba Madame wakati mwingine anasikia joto, kisha weka kitambaa mezani, wape hesabu mbili za kufanya, simama karibu na dirisha mpaka lipite. Usiku vaa pamba nyepesi, tandika vitambaa viwili vya kutoa kimoja kimoja, na pombe ya jioni, kama unakunywa, ipunguze.

Kuhusu kufunga: siku saba bila maji mchana, katika mji huu, na vidonge vya tansyo vinavyorukwa, hapo nina wasiwasi kweli. Naona unaweza kumwendea mchungaji mwenyewe, ofisini, ukamwambia kuwa daktari anakuchunguza na una tansyo, na ukamwomba njia nyingine ya kufunga. Wachungaji wengi hukubali. Mwombe pia, kama una nguvu ya kusema, kwamba habari ya mwili wako isitajwe tena mbele ya watu. Pengine atakubali, pengine yule mama wa maombi ataona umemdharau, na kwaya itakuwa nzito kwa muda. Wewe ndiye unayejua kanisa lako linavyopokea. Endelea kuomba. Sioni mahali ambapo maombi na ekografi vinagombana.

Nimekaa sana na sehemu ya mume wako. Umeisoma kauli yake, "Kama umenichoka, useme," kama mlango unaofungwa. Mimi nikiisoma nasikia mwanaume anayeuliza. Anarudi kutoka Kolwezi mara moja kwa mwezi, anapokelewa na kichwa, uchovu, wajukuu, na hajaambiwa hata mara moja kwamba unaumia. Kutokana na hayo anajitungia sababu yake, na wewe unajitungia yako kwa msaada wa wifi. Sikuhakikishii kwamba hana mwanamke mwingine. Sina njia ya kujua. Wala wewe hujui bado, na ningesikitika uishi kana kwamba unajua.

Alichosema wifi kuhusu mbegu kubaki tumboni si kweli. Mbegu hutoka zenyewe au hufa ndani ya siku chache, kwa mwanamke wa miaka 20 na kwa wa miaka 60. Kinachokuumiza ni ukavu: estrogeni ikipungua, ngozi ya ukeni inakonda na kukosa majimaji yake, na njia ya mkojo nayo inachubuka kirahisi. Kinatibika. Famasi huuza vilainishi vyenye asili ya maji, na iko krimu ya estrogeni ya kuweka ukeni kwa kiasi kidogo, ambayo karibu yote hubaki pale pale. Hiyo nayo ingoje majibu ya ile damu. Wapime mkojo pia, isije ikawa kuna maambukizi. Na tafadhali, majani na unga wa kukausha au kubana, ambavyo shangazi fulani fulani wangali wanavisifu, visikukaribie. Ngozi iliyokonda ikikaushwa inapasuka, na ngozi iliyopasuka hupitisha magonjwa.

Umwambie lini? Kwa simu kabla hajafika, neno litasafiri naye barabarani na atakuwa na muda wa kulizoea. Lakini simu hukatika, na hutaona uso wake. Ana kwa ana ni bora kwa mambo ya aibu, ila si usiku ule wa kwanza, mkiwa kitandani, kila mmoja ana hofu yake. Wanawake wengine huchagua matembezi ya mchana, au kumwomba mume awasindikize kwa daktari, daktari akaeleza yaliyo magumu kutoka kinywani mwao. Maneno yanaweza kuwa mafupi: "Mwili wangu umebadilika. Naumia ukinikaribia, nilikuficha kwa sababu niliona aibu. Sijakuchoka." Halafu nyamaza umsikilize. Huenda akafarijika. Huenda akasikia neno menopozi akadhani mambo ya ndoa yamekwisha, na hapo umweleze kwamba kuna tiba na kuna namna nyingi za kuwa karibu wakati mnasubiri. Huenda pia akakasirika kwamba ulificha, au akaenda kumwambia dada yake. Ukihofia hilo, fikiria kabla ni mkubwa gani wa familia mnayemheshimu wote wawili anayeweza kukaa nanyi. Na kama katika mazungumzo hayo likatokea kweli jambo la mwanamke mwingine, una haki ya kuomba vipimo na kondomu kwanza, mengine yafuate.

Gharama ya ekografi najua si ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Kama uko kwenye likelemba, ule mchango wa kupokezana zamu, waombe wamama wenzako mbadilishane zamu mwezi huu. Huna haja ya kuwaeleza ni kipimo gani. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi ya mwisho, tarehe za zile siku tatu, majina ya vidonge vya tansyo, na umri wa mama mdogo alipougua. Beba na pakiti moja ya vibandiko, daktari asome mwenyewe. Daktari akikuambia tena kwamba ni uzee tu, muulize kwa upole: "Na damu imetoka wapi?" Usiondoke mpaka akujibu au akuandikie karatasi ya kwenda kwa mwingine.

Nitangoja barua yako ya pili. Niambie ekografi imesema nini, na kama mzee ameshafika, niambie alivyosema. Kuna mambo kuhusu nyumba yenu ambayo nisingependa kuyakisia nikiwa nimesikia upande mmoja.

Mama Mshauri